Aliyeipeleka Fomu Yangu Same

Enzi zetu hukutoka kidato cha sita ukaingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Ulikwenda kwanza jeshini kulitumikia taifa, halafu ukafanya kazi, na baada ya hapo ndipo uliporuhusiwa kuomba. Maombi ya nchi nzima yalikusanywa Dar es Salaam, na huko ndiko walikoamua nani asome nini, kwa kadiri nchi ilivyohitaji watu. Alama za mtihani peke yake hazikutosha. Mwajiri alitakiwa aandike maoni yake juu yako, na tawi la Chama la nyumbani kwenu nalo liseme kama wewe ni mtu wa kuaminika.

Mimi nilikuwa karani wa mapokezi katika hospitali ya Gonja. Kila siku niliandika majina ya wagonjwa, nikatamani kuwa upande wa pili wa mlango, kule walikotibiwa. Kwa hiyo kwenye fomu, chaguo la kwanza niliandika udaktari. Nafasi zilikuwa tatu, nikajaza na kilimo, kisha ualimu. Mganga mkuu aliandika maoni mazuri, akanipa ruhusa nipande nyumbani kwetu milimani kutafuta sahihi ya mwenyekiti wa tawi.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mwenyekiti na baba yangu walikuwa hawasalimiani. Mashamba yao yalinyweshwa na ndiva moja, lile bwawa la kuhifadhi maji tunalochimba sisi Wapare, na kila ukoo ulikuwa na zamu yake ya kufungulia. Baba alimshitaki mwenyekiti mbele ya wazee kwamba alifungulia maji siku isiyo yake. Wazee wakamtoza mbuzi. Mtu mzima, kiongozi, akatozwa mbuzi hadharani kwa mdomo wa baba yangu! Njia nzima nilikuwa nawaza: sasa ndiyo zamu yake.

Nilimkuta na kamati yake kwenye ofisi ya tawi, chumba cha udongo tulichokijenga kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima.

"Shikamoo, ndugu mwenyekiti."

"Marahaba. Baba hajambo?"

Nilishtuka. "Hajambo."

Alivaa miwani yake, akaisoma fomu taratibu kwa sauti. Alipofika kwenye kozi aliacha kusoma. "Kwa nini kilimo umekiweka cha pili?"

"Walitaka machaguo matatu," nilisema.

Kamati ikacheka. Mama mmoja aliyewakilisha wanawake akaniuliza, "Ukishasoma utarudi, au utaolewa huko huko?"

"Nitarudi, mama."

"Wote husema hivyo," akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Wakaniambia nitoke nje. Nikasimama kwenye migomba, nikisikia sauti bila kushika maneno. Waliponiita, mwenyekiti alikuwa ameshatia sahihi na muhuri. Hakuniambia lolote zaidi ya "Nenda salama." Ni yule mama aliyenisimulia baadaye. Mjumbe mmoja alikuwa ameuliza inakuwaje wamsaidie binti wa mtu mwenye mdomo kama baba yangu. Mwenyekiti akamjibu, "Anayeomba ni binti. Habari ya maji tutaizungumza kwenye maji." Akachukua kalamu.

Ilibaki kuifikisha fomu kwa afisa elimu wa wilaya mjini Same, naye aipeleke Dar es Salaam pamoja na za wenzangu. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Lakini asubuhi niliyopanga kushuka niliamka natetemeka, malaria imenishika sawasawa, na mvua za masika zilikuwa zimekata barabara ya bondeni. Baba alijikata mguu kwa jembe wiki ile, hata kukanyaga hawezi. Mama akakaa kando ya kitanda changu, akasema tumwachie Mungu.

Siku iliyofuata, kabla ya mchana, nikasikia mtu anabisha hodi. Sauti niliijua. Baba naye aliijua. Alikuwa amekaa karibu na mlango, mguu juu ya kigoda. Mama ndiye aliyeitikia, "Karibu."

"Nimesikia fomu bado iko hapa," mwenyekiti alisema, bado amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika. "Nileteeni niishushe."

"Barabara imekatika," baba akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwa mwenyekiti baada ya muda mrefu.

"Nimesikia. Nitatembea."

Baba alimtazama. Kisha akamgeukia mama. "Mpe chakula mgeni."

Mwenyekiti alikataa kukaa, akasema mto ukijaa zaidi hautampa nafasi. Mama akamfungia makande kwenye jani la mgomba. Mimi nikampa bahasha kwa mikono miwili, meno yanagongana kwa homa. Akaizungushia mfuko wa nailoni, akaiweka ndani ya kofia yake, akaivaa kofia, akaondoka.

Alirudi Jumapili, baada ya ibada, suruali imeganda tope. Alitusimulia kwa ufupi, kama mtu aliyetoka sokoni. Mtoni maji yalimfika kifuani. Vibarua wa mashamba ya mkonge, watu waliotoka mikoa ya mbali, walishikana mikono wakamvusha. Katika kijiji cha Kisiwani mfanyabiashara mmoja Mwislamu alimlaza kwake na kumpa nguo kavu. Ijumaa asubuhi akapata lori mpaka Same.

"Afisa elimu ameipokea," aliniambia. "Sikuondoka mpaka nilipoona anaigonga muhuri."

Baba alipopona mguu alikwenda nyumbani kwa mwenyekiti, akakaa huko mpaka jioni. Walizungumza nini sijui, maana hakuna kati yao aliyekuwa msimuliaji. Ila tangu siku ile walisalimiana.

Majina yalitoka gazetini miezi kadhaa baadaye. Muuguzi mmoja alikuja mbio mapokezi na gazeti mkononi. Nililitafuta jina langu kwenye udaktari, halikuwepo. Lilikuwa kwenye kilimo, Morogoro. Nililia kidogo nyuma ya kabati la mafaili, nikanawa uso, nikaendelea kuandika wagonjwa. Jumamosi nikapanda kumwambia mwenyekiti.

"Wamenipa kilimo."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi huko Dar es Salaam wana akili! Hapa tuna mashamba mengi kuliko wagonjwa."

Nilikwenda Morogoro na sanduku la bati, shuka alilonipa yule mama wa kamati, na dua za watu wengi. Kilimo nilikipenda polepole, kwanza udongo, halafu mbegu, mwishowe watu wanaolima. Nikarudi wilayani kwetu kufanya kazi, nikazunguka Mamba na Gonja na vijiji vya bondeni kwa miaka mingi. Kila nilipopita nyumbani kwa mwenyekiti nilimshukuru kwa safari ile, mpaka akanizoea. Hakuwa akiinua hata kichwa kutoka kwenye maharage aliyokuwa akichambua.

"Ulishasema," alinijibu. "Kaa, ule."