Lita Tisa za Jirani

Nimewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya lita tano za dizeli. Naliandika hili nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na sioni haja ya kulipamba. Jirani yangu wa Buzuruga alikuwa anakwenda Kayenze na kurudi kwa lita tisa. Mimi, kwa pikapu ya aina ileile, injini ileile na barabara ileile, nilikuwa namaliza kumi na nne. Lita hizo tano ndizo zilizomtoa mke wangu kwenye kiti cha mbele cha gari langu zikampeleka kwenye kiti cha mbele cha gari la jirani.

Mke wangu anauza dagaa. Mara tatu kwa wiki huenda mwaloni Kayenze, ufukweni wanakotua wavuvi, kununua kwa akina mama wanaowaanika mchangani, anapakia magunia, anarudi kuyauza mjini. Kwa miaka mingi dereva wake nilikuwa mimi. Mafuta alilipa yeye, maana biashara ni yake, na kila jioni alisimama kando ya pampu akitazama namba zinavyopanda bila kusema neno. Siku moja, akiwa anachambua mchele, alilisema.

"Baba watoto, hilo dume lako linakunywa kuliko ng'ombe wa kiangazi. Kuanzia Jumatatu naenda na mwalimu."

Dume ndilo jina watu walilolipachika gari langu, na sikulikataa. Niliuza ng'ombe wa urithi kulinunua, na Msukuma akiuza ng'ombe hawezi kununua kitu kikakaa kinyonge. Nililinyanyua kwa springi ndefu, nikalivisha matairi mapana ya matopeni, nikalifungia ngao ya chuma mbele na keria ya chuma juu. Nikaongeza taa sita, ingawa Kayenze tulikuwa tunakwenda na kurudi mchana. Ubavu wa bodi niliupandisha kwa mbao ngumu mpaka usawa wa kichwa changu. Nilipopita Mirongo watu waligeuka, nami nilijifanya sijawaona.

Pikapu ya mwalimu, jirani huyo wa lita tisa, ilikuwa kama ilivyoshuka melini. Mwenyewe alikuwa mstaafu kutoka Kagera, amefiwa na mke, shati limepigwa pasi hata siku ya kubeba dagaa. Alizungumza polepole kama anayesomea darasa imla. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, kwa hiyo kila asubuhi ilinibidi nimwamkie.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, jirani. Dume limeamkaje?"

Alikuwa anatania tu, maana tulitaniana tangu alipohamia, mimi nikimcheka kwa majivuno ya kwao na yeye akinicheka kwa ng'ombe zangu. Lakini Jumatatu ile, mke wangu alipopanda gari lake, utani huo sikuuona utani tena. Alipanda na chupa ya chai. Chupa ile nyekundu ilikuwa imesafiri kwenye gari langu tangu lilipokuwa jipya, katikati ya viti, na vikombe viwili vimefunikwa juu yake. Niliisindikiza kwa macho mpaka walipopinda kona.

Jioni walirudi, mke wangu akashuka ametulia, uso laini kama mtu aliyetoka likizo. Roho iliniuma.

"Mnaongeaga nini njiani?" nikamuuliza.

"Hatuongei."

"Saa zote hizo?"

"Mimi hulala," akasema, akaendelea kuhesabu magunia.

Angeniambia wanacheka, ningevumilia. Kulala! Kwangu hakuwahi kulala hata dakika moja. Alikuwa anashika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na chupa ya chai kwa mkono mwingine, na mimi nikidhani anafurahia safari. Usiku huo niligeuka upande wa ukuta kama mtoto aliyenyimwa nyama.

Asubuhi nilimwambia kwamba haiwezekani mke wa mtu mwenye gari apande gari la mtu mwingine. Hakubishana. Alisema, "Siku ukienda na kurudi kwa lita tisa, narudi kwako. Sitaki maneno, nataka pampu iseme."

Nikaenda kwa fundi wangu wa Igogo. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga teke tairi, akasema, "Mzee, gari yako imevaa koti juani. Vua." Alisafisha nozeli zinazonyunyizia dizeli kwenye injini, akabadilisha filta ya hewa ambayo ilikuwa imejaa vumbi la Kayenze, akakuta breki ya nyuma inabana, akailegeza. Hayo niliyakubali bila shida. Kisha akaanza kuvua. Kwanza keria, halafu taa, halafu mbao za ubavu. Springi akazirudisha za kawaida. Matairi mapana yakatoka, yakaingia membamba yaliyojazwa upepo sawasawa. Ilipofika zamu ya ngao nilitoka nje nikasimama barabarani, maana niliwahi kumwona baba akimkata pembe fahali aliyekuwa anadhuru watu, na sikutaka kuliona tena jambo la namna hiyo. Niliporudi, gari lilikuwa limekaa chini, dogo, limefanana na la mwalimu kama pacha. Nililichukia.

Nikapakia magunia ya mchanga yenye uzito wa dagaa, nikaenda Kayenze peke yangu kujaribu. Lita kumi na mbili. Nikajaribu tena, kumi na moja. Hapo likagoma. Kila nikijaribu, kumi na moja. Lazima niseme pia kwamba majaribio hayo niliyafanya siku zilezile walizokuwa wanakwenda wao. Nilisubiri watangulie, kisha nikawafuata, nikawakaribia, na palipo na nafasi nikawapita huku nimekanyaga mafuta mpaka chini ili mke wangu aone gari linavyokimbia sasa. Hakuona. Kila nilipopita, kichwa chake kilikuwa kimeegemea na macho yamefumbwa. Mwalimu ndiye aliyenipungia mkono.

Nilipoona mitambo yote imeisha na lita tisa haziji, nikaamua kuiba.

Kila dereva wa huku anajua kwamba tangi likijaa si kwamba limejaa. Hewa hubaki imejificha juu. Ndiyo maana kwenye pampu utaona watu wazima wameshika bodi wanalitikisa gari kama wanaopepeta nafaka, hewa itoke, dizeli iingie zaidi. Kwenye pikapu yangu kutikisa huongeza lita mbili. Basi hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Asubuhi ya mtihani nitatikisa mpaka dizeli ije shingoni. Jioni, nikirudi kujaza ili tuone nimetumia ngapi, sitatikisa. Lita mbili zitapotelea hewani, na pampu itasema ninachotaka iseme.

Tulipanga Jumamosi. Mke wangu alikuja na chupa nyekundu na vikombe viwili. Nilitikisa gari waziwazi mbele yake na mbele ya dada wa pampu, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kila mtu hutikisa. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa mwizi wa kuku.

Wakati wa kwenda alishika mpini wa mlango, kama kawaida yake. Mwaloni alinunua, tukapakia, tukanywa chai tumekaa kwenye ukingo wa bodi, miguu inaning'inia, harufu ya dagaa na ziwa imetuzunguka. Aliniambia goti linamsumbua tangu mvua za mwanzo, na mimi nilikuwa sijui.

Tulipoanza kurudi, kabla hatujafika mbali, mkono wake ukaachia mpini. Kichwa kikaegemea kioo, kikateleza, kikarudi. Alikuwa anasinzia. Ndani ya gari langu.

Tangu hapo sikuendesha gari, nilibeba usingizi. Kila shimo nililitazama kutoka mbali ili nisiguse breki. Nikiona mlima naujia taratibu, na kabla sijafika kileleni naachia mafuta, gari linamalizia lenyewe. Nikaingiza gia kabla injini haijaanza kunguruma. Pikipiki zilinipita. Lori la mchanga lilinipita. Akapita hata mzee mmoja mwenye baiskeli ya mkaa kwenye mteremko, akaniangalia kwa huruma. Siku nyingine ningemfukuza. Siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu, asiamke kabla ya Buzuruga, na nilitamani Buzuruga isogezwe mbele kidogo.

Kwenye pampu aliamka, akajifuta mdomo, akashuka kusimama mahali pake pa siku zote. Nilimwambia dada wa pampu kwa sauti ya chini, "Ikikata tu, acha." Mpira uliingia, namba zikapanda, pampu ikakata. Lita saba kasoro. Mke wangu alinyanyua nyusi. Nilikuwa nimemshinda mwalimu kwa lita mbili zisizokuwepo, na furaha ya ushindi huo ilikuwa na ladha ya shilingi mdomoni.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Jirani, usiishie hapo."

Alikuwa mwalimu. Mke wangu alikuwa amemwambia habari ya mtihani, naye ametembea kutoka nyumbani kuja kuona. Alikuja moja kwa moja, akakunja mikono ya shati lake lililopigwa pasi, akashika bodi ya gari langu. "Hewa bado imo. Utajipunja bure. Shika huko, tutikise."

Ningesema nini? Kwamba asubuhi nilitikisa kwa makusudi na jioni sitaki? Nikashika upande wangu. Tukatikisa, mimi na yeye, magunia yakilia, vumbi la barabara nzima likimwangukia kwenye shati. Alijua vizuri kwamba nikishinda, Jumatatu kiti chake kitakuwa kitupu. Alitikisa kwa bidii. Dada wa pampu akarudisha mpira. Saba. Saba na nusu. Nane. Nilifumba macho. Kwa hofu sikukumbuka hesabu ya hewa; nilizijua namba zangu tu: kumi na moja, mbele ya mke wangu na mbele ya huyu.

"Imejaa," dada akasema.

Nikafumbua. Nane na pointi tisa.

Nilitazama pampu, nikatazama chini ya gari kama kuna linalovuja. Lita zile zilikuwa za haki. Asubuhi tangi lilijaa kweli, jioni limejaa kweli, na katikati nilikuwa nimebadilisha kitu kimoja tu, mguu wangu.

"Umefanyaje?" mke wangu akauliza.

"Ni nozeli," nikasema.

Mwalimu alijifuta vumbi, akanipa mkono. "Hongera, jirani. Dume limekuwa na adabu." Kisha akamgeukia mke wangu, akamwambia, "Mama, mto wako mdogo nitakuletea kesho, umebaki garini." Akaondoka polepole alivyokuja.

Mto. Alikuwa na mto.

Ulikuja kweli siku ya pili, umefuliwa, umekunjwa ndani ya gazeti. Sasa umo garini mwangu pamoja na chupa nyekundu. Tunakwenda Kayenze mara tatu kwa wiki kwa lita tisa, wakati mwingine pungufu, na tukitoka mjini tu mke wangu huuweka mto wake akalala. Nimepata nilichotaka. Mwalimu namwamkia, ananijibu, tunataniana. Ngao bado ipo kwa fundi Igogo, imeegemezwa ukutani, na sijaenda kuichukua.

Ila mto huo mke wangu huuweka upande wa mlango, si upande wangu. Nami nikiwa naendesha taratibu, macho mbele, kila safari najiuliza kwenye gari la mwalimu alikuwa anauweka upande gani. Sijawahi kumuuliza. Nikimuuliza ataamka.