Kopo la Mafuta Lililojaa

Kwa miaka mingi nilitengeneza moteri za dizeli huko Birere, mtaa wa Goma, kwenye uwanja mdogo wa mawe meusi ya volkano, nyuma ya wauza matairi. Kati ya magari niliyoletewa kulikuwa na kamioneti moja yenye turbo, feni inayoisukumia moteri hewa. Shofere wake, baba wa watoto watano kutoka Butembo, alileta maharage na abiria Goma kutoka Kiwanja, mji walimokaa wazazi wangu.

Moteri ile ilikuwa imechoka. Pete za pisto zilikuwa zimelika, kwa hiyo moshi ulipenya ukashuka chini, kisha ukatokea kwenye tundu la kupumulia ukiwa umebeba matone ya mafuta. Turbo iliyavuta matone hayo ikachafuka kote. Pete mpya hatukuzipata. Nikachukua chupa kuukuu ya kizima-moto, nikaijaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, nikaiunganisha na tundu lile kwa mpira. Mafuta yalinasa kwenye nyuzi, yakadondoka chini ya kopo hilo, na hapo chini nikafunga robine, bomba dogo la kuyamwagia.

Mpira wa pili, wa kutolea moshi, niliuacha wazi kwanza. Abiria wa mbele wakalalamika kwamba wanakohoa. Basi nikauelekeza kwenye mdomo wa turbo, ili moshi urudi ukachomwe. Nilijivunia kazi ile. Shofere nilimpa sharti moja: amwage mafuta kila baada ya safari mbili. Kopo likijaa, turbo itayanywa yote, na moteri ya dizeli ikianza kuchoma mafuta yake yenyewe haizimiki hata ukitoa ufunguo.

Vita viliposogea Kiwanja, mama alikuwa tayari kwangu Mapendo, hapo hapo Goma, amekuja kutibiwa macho. Baba alikuwa amekataa kuondoka. Asubuhi moja akanipigia simu, akasema tu, “Sasa nitakuja. Tuma gari.”

Nikampigia shofere, akafika garaji saa hiyo hiyo, macho mekundu. Alikuwa amebeba watu siku mbili bila kupumzika.

“Papa, sijamwanga mafuta tangu juzi,” akasema. “Tuyamwange kwanza, kisha niende kumuchukua muzee.”

Nikainama kufungua robine. Ilikuwa imeziba kwa uchafu. Ingebidi nishushe kopo lote, na moteri ilikuwa ya moto. Nikaona saa nzima ikipotea.

“Enda,” nikamwambia. “Barabara itafungwa. Tutayamwanga ukirudi.”

Akapanda garini. “Sawa. Wewe ndiye fundi.”

Yaliyofuata alinieleza mwenyewe. Alimkuta baba barabarani na mfuko mmoja, akampandisha pamoja na watu zaidi ya ishirini. Kwenye mlima wa kuelekea Kibumba, njiani kurudi Goma, gari likiwa limelemewa, moteri ikaanza kulia yenyewe. Akaondoa mguu kwenye mafuta, ikazidi. Akatoa ufunguo, ikazidi. Moshi mweupe ukafunika barabara, watu wakaruka chini wakidhani ni bomu. Alikanyaga breki na kuweka vitesse, yaani gia, ya juu ili aizime kwa nguvu, lakini ambreyaji, klachi yake, ilikuwa imekwisha. Kisha kitu kikapasuka ndani, pakawa kimya. Katika kimya hicho wakasikia risasi nyuma yao.

Wakatembea. Baba alikuwa na nyonga mbovu. Shofere alimshika mkono, mahali pengine alimbeba mgongoni. Risasi zilipokaribia, umati ukakimbilia porini, nao wakatengana. Aliporudi barabarani hakumwona. Alirudi nyuma akiita, mpaka askari wakamfukuza.

Haya yote aliyasema baadaye. Siku ya pili, alipoingia garaji kwa miguu, bila viatu, neno lake la kwanza lilikuwa, “Papa, muzee alifika?”

Nilikuwa nimeshika spana. Nikaiweka chini, nikamwambia hakufika.

Nilizunguka makambi yote ya wakimbizi kuzunguka Goma, hema kwa hema, nikieleza mzee mrefu, anayechechemea. Wengi walinijibu kwa upole kwamba wao pia wanatafuta. Shofere hakunilaumu hata mara moja. Nilimwambia, “Ni mimi nilikwambia uende.” Akasema, “Wacha, Papa,” akaanza kulia. Tangu hapo tukawa tunakwepana.

Mama nilimwambia gari liliharibika. Kopo sikulitaja.

“Chuma ni chuma, mwanangu,” akanijibu. “Haina kosa la mutu.”

Nilipaswa kusema siku ile. Nikaahirisha hadi Jumapili, kisha hadi atakapopona macho. Hakupona. Kila nilipotoka kazini aliuliza kama kuna habari, na kila siku nilisema hakuna. Alikufa akiniombea kwa ajili ya uchovu wa kumtafuta baba.

Kwenye mazishi yake, katekista alinivuta kando, akauliza baba amezikwa wapi, apate kumtaja katika sala. Nikamwambia sijui. Kopo sikulitaja kwake pia. Nikarudi kaburini kwa mama.