Mume Wangu Alimjibu Nesi "Yes"

Nesi aliuliza kama mama mkwe wangu amewahi kuchomwa penisilini na akabaki salama.

Mume wangu Vital akajibu, "Yes."

Nesi akageuka kuandaa sindano.

Mama mwenyewe alinisimulia, hiyo sindano ilimvimbisha uso kule Bukavu, akashindwa kupumua. Ukoo mzima unajua.

Ngoja nirudi nyuma.

Naitwa Bibiche. Ni Mkongo, nimekulia Dar kwa shangazi. Vital alinioa yeye tayari yuko Houston, Texas, mtaa wa Sharpstown. Viza yangu ikachelewa, akaniambia, "Siishi Marekani na mke bubu. Katafute Kiingereza kwanza."

Kaka yangu wa Brussels akanipeleka Malta miezi minne, kisiwa ambako watu huenda kujifunza Kiingereza. Asubuhi darasani, mchana mwalimu anatufukuza tukaongee na watu. Nimezunguka kisiwa kizima kwa basi, nimevuka na feri hadi Gozo, nimepotea Mdina mara mbili nikauliza njia mpaka mdomo ukazoea. Bibi mmoja muuza vitafunwa alinifundisha majina ya magonjwa yote, maana alikuwa nayo yote.

Nikituma picha, Vital anawaka. "Umeenda kusoma au kutalii? Na hicho Kiingereza chako cha ovyo."

Nililia. Jamaa ana miaka tisa Texas, nitabishana naye vipi?

Viza ikatoka, nikamfuata Houston, anakoishi na mama yake. Sasa siku hiyo kliniki, tumempeleka mama na kidonda cha mguu. Nesi alileta mkalimani kwenye simu. Mama akaisukuma simu. "Ya nini? Mwanangu yupo."

Ndiyo tukafika kwenye sindano.

Nikasimama, nikamweleza nesi kila kitu. Akaiweka sindano chini. Akamuuliza Vital polepole kama anaelewa anachoulizwa.

"Yes," akasema, jasho linamtoka.

Nikamtazama mume wangu. Ghala analofanyia kazi limejaa Wakongo, kanisa la Kiswahili, duka la Kiswahili. Miaka tisa, na hajui kitu!

Kwenye gari akanigeukia. "Umeniaibisha mbele ya mama."

"Ulikuwa unamuua huyo mama."

Mama akasema kutoka nyuma, "Nyamaza, Bibiche. Najua hajui tangu mwaka wa kwanza."

Nikageuka nyuma. "Sasa mkalimani ulimkatalia nini, mama?"

"Ni mwanangu. Nani kakutuma umvue nguo mbele za watu?"

Wiki ya tatu hii. Kidonda kinapona. Mama anakula chakula changu, salamu yangu haitikii. Vital analala sebuleni. Inaniuma, lakini sijutii hata kidogo.

Wewe unayemsindikiza mzazi hospitali huku Marekani, mkalimani ni bure, mpokee. Hujui mzazi wako yuko tayari kufa ili wewe usiaibike.

Na Vital, najua utasoma. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi.