Pasipoti ya Kidege

Shangazi yangu amewapiga watu picha za pasipoti miaka thelathini na moja, kwenye chumba chenye kigoda kimoja na pazia la buluu. Ukikaa mbele yake, hata uwe mkubwa wa nani, atakwambia, "Inua kidevu, masikio yote mawili yaonekane."

Basi akapatwa na wazimu wa kidege. Ni kidogo, cha rangi ya kijani iliyofifia, kinaimba msituni nyuma ya mji na hakitulii tawini. Kwenye kitabu alichoazima vilikuwa viwili, vinafanana kama mapacha: kimoja nyusi yake nyeupe inaishia juu ya jicho, kingine inapita hadi nyuma. Miezi minne alirudi na picha za majani na mikia.

Asubuhi aliyokipata kwenye kamera, shangazi akiwa bado anajichekea peke yake, mlinzi wa msitu akamtokea.

"Mama, kila siku kamera. Nani kakutuma?"

"Ndege."

"Ndege ana simu? Hebu nione."

Mlinzi akaichukua kamera, akaitazama picha, akaikuza. Shangazi akaona kuwa macho yake hayako kwa ndege. Nyuma ya tawi, hafifu lakini inatambulika, ilisimama baiskeli yake yeye mlinzi, imebeba magunia matatu ya mkaa. Mkaa wa msitu ule ni marufuku, na yeye ndiye aliyeajiriwa kuuzuia.

"Ifute."

"Nifute miezi minne?"

"Hukuja kwa ajili ya ndege wewe. Unataka nifukuzwe."

"Mimi nilikuwa natazama nyusi, baba. Hiyo baiskeli umenionyesha wewe."

Mlinzi hakuiachia kamera, na kidole chake kilishafika kwenye kitufe cha kufuta. Shangazi akamwambia, basi shika mwenyewe, bonyeza hapa, vuta pembe hizi. Akamwelekeza akate picha ibaki kichwa na mabega, kama ya pasipoti.

"Hifadhi. Haya, sasa futa ile kubwa."

Akaifuta. Kwenye picha iliyobaki, nyusi ilipita hadi nyuma.

Kidege sasa kiko ukutani studio, katikati ya nyuso za watu. Lakini mlinzi hajaamini. Kila asubuhi humfuata shangazi hatua kumi nyuma, anakohoa, anavunja vijiti, anauliza, "Leo umepiga nini, mama?" Ndege wote hukimbia. Magunia nayo hayatoki, maana mwenye baiskeli hana nafasi.

Shangazi haachi kwenda. Siku nyingine kamera haina hata betri.