Kifua cha Baba

Jana sokoni Palma mwanamke mmoja alifungua chupa ya mafuta ya karafuu karibu yangu, nami nikamwona baba tena, amekaa mkekani uani, kifua wazi, mama akimkanda.

Baba alikuwa mvuvi. Moyo ulipoanza kumsumbua alipewa vidonge hospitalini, miguu ikaacha kuvimba na pumzi ikarudi. Lakini baada ya miezi michache matiti yake yakaanza kukua kama ya mwanamke, yakawa yanauma hata yakiguswa na shati. Vijana wa pwani wakamcheka. Akaacha vidonge bila kutuambia, na miguu ikavimba upya.

"Mafuta haya hayasaidii kitu, mume wangu," mama alisema, mikono imechoka. "Nimemuuliza daktari, kasema ni vidonge vile vinavyokuza matiti, atakubadilishia dawa. Matiti yasiponywea, hospitali ya mjini Pemba wanapasua. Turudi."

"Nikapasuliwe matiti, mimi? Watu wataniitaje?"

"Ukifa, mimi wataniita mjane."

Baba alinitazama mimi, binti yake, niliyeshika bakuli la mafuta, kisha akaomba shati lake. Asubuhi walikwenda.

Dawa mpya ilimkubali. Titi moja lilinywea polepole, la pili likabaki, na kupasuliwa alikataa kabisa. Akarudi kuvuta nyavu. Siku moja mwenzake alimwambia avue shati, maana lilikuwa limelowa chepechepe. Baba akasema anasikia baridi. Jua lilikuwa la utosi.