Zumari Hili Halimpishi Mtu

Swala ya Alasiri imekwisha, na mtaa wa Langoni, mjini Amu, yaani Lamu, umetulia. Radhiya Bwanamkuu anaegemeza godoro dirishani kuzuia sauti za punda, anawasha kompyuta, kisha anamwashiria mzee aliyeketi mkekani.

Mzee huyo, Harith, anatia zumari mdomoni. Mashavu yanamvimba, pumzi inaingia puani huku nyingine ikitoka mdomoni, na sauti haikatiki. Hivyo ndivyo alivyozoea kupiga harusini, ambako zumari likinyamaza ngoma imekwisha.

Radhiya, mwenye umri wa miaka 41 na mzaliwa wa Pate, hutunga muziki wa filamu. Huenda umewahi kuusikia usijue kama umeusikia, na jambo hilo linamkera kweli kweli.

"Muziki wa filamu kazi yake kujificha," anasema. "Mwigizaji akifungua kinywa, unanywea. Mlango ukigongwa, unanyamaza. Mimi nimepisha watu, nimepisha hadi milango."

Kazi yenyewe haina utajiri. Filamu moja, akibahatika, humlipia kodi ya miezi mitatu.

Mwaka jana akasema basi. Akaanza kuandika konseto, utungo mrefu wa kupigwa ukumbini, ambamo ala moja husimama mbele na okestra nzima ikaijibu. Ala aliyoichagua ni zumari la Harith.

Lakini mzoea punda hapandi farasi. Siku ya kwanza ya mazoezi, kompyuta ilikuwa ikipiga sehemu ya okestra naye Harith akifuata kwa sikio. Ghafla muziki ukashuka, ukawa mnong'ono. Mzee akatua zumari, akangoja.

"Mwanangu, hapa yuwanena nani?" akauliza.

"Hakuna anayenena, ami."

"Basi mbona sote tumenyamaa?"

Radhiya akaupitia utungo upya. Kwa mazoea ya filamu, alikuwa ameacha nafasi za mazungumzo ya waigizaji wasiokuwapo, tena si mahali pamoja.

"Niliona haya, halafu nikapandwa na hasira," anakumbuka. "Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nimejinyamazisha mwenyewe."

Alizifuta nafasi zote. Sasa zumari likishaingia, halishuki mpaka lenyewe litake.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Okestra moja ya Nairobi ilikuwa imekubali kuipiga konseto hiyo Desemba. Baada ya kusikia rekodi ya majaribio, mratibu wake, Bwana Murithi, alipiga simu. Zumari lina kelele, alisema, na sauti yake haioani na ya fidla. Mahali pake paingie obo, ala ya Kizungu inayofanana nalo, la sivyo konseto itaondolewa katika programu. Anataka jibu kesho.

"Hakunitukana, ni mtu mpole," anasema Radhiya. "Aliniambia, 'Bi Radhiya, ni kupisha kidogo tu.' Kati ya maneno yote duniani akachagua hilo."

Kukataa si mchezo. Ukumbi mwingine hana, na jina lake halijawahi kusomwa jukwaani. Hata hivyo jibu analo. Kwa desturi, okestra kabla ya kuanza hulinganisha sauti zake na obo. Safari hii, anasema, na walinganishe na zumari.

"Wakikataa?" anaulizwa.

"Nitakodi spika za harusi niipige hapa hapa Amu, okestra itoke kwenye kompyuta. Mwakani nitatafuta okestra nyingine. Ila ami Harith hatoki."

Harith, ambaye hajawahi kupiga mbele ya watu walionyamaza, anataka kujua jambo moja tu. "Huko ukumbini watu huketi kimya wakasikiza?"

"Kimya kabisa, ami."

"Basi nitawapa cha kusikiza."

Wanaanza tena. Zumari linapanda, na katikati yake simu ya Radhiya inatetemeka mkekani. Jina la Murithi linaonekana kwenye kioo. Harith anamtupia jicho bila kukata pumzi.

Radhiya anaigeuza simu kifudifudi na kumpa ishara aendelee.