Dada wa Utafiti na Vifungo Vyake

Yule dada wa utafiti sikumpenda tangu anavua viatu mlangoni. Mpole mno. Mtu akiwa mpole hivyo, Kariakoo hii, ujue kuna kitu anakitaka.

Alisema anasomea ukuaji wa watoto chuoni, na mwalimu wa chekechea kampa majina ya watoto wa kuwatembelea majumbani. Akanipa fomu ya ridhaa nisaini. Niliisoma mara mbili, nikaigeuza na nyuma, nisije nikakuta maandishi madogo. "Picha hatupigi, mama," akasema. Nani kamuuliza habari za picha? Nikazidi kumtilia shaka.

Nilisaini kwa sababu moja tu. Mwalimu alishaniambia binti yangu ni mzito wa kuongea, huenda akarudia chekechea wenzake wakienda darasa la kwanza, ila angesubiri kwanza aone dada huyu ataandika nini. Mzito wa kuongea! Mtoto ambaye nyumbani namwomba anyamaze nisikie taarifa ya habari.

Dada akapanga vifungo vya shati kwenye mkeka, mistari miwili, mmoja umebanana, mwingine umeachanaachana. Mimi nauza vifungo na zipu, binti kakulia humo humo dukani. Nikajisemea, hapa umekwisha, dada. Akaniomba nikae nyuma ya mtoto, nisiseme neno, nisitikise hata kichwa, maana watoto husoma jibu usoni kwa mama zao. Hiyo nayo ikanikera. Kwa nini nifichwe nisionwe na mwanangu mwenyewe?

"Shikamoo," binti akaamkia, vizuri kabisa.

"Marahaba, mrembo. Haya niambie, mstari upi una vifungo vingi?"

Kimya.

Akarudia swali. Kimya. Akatoa picha ya kuku, hiki nini? Kimya. Jamani, kuku! Na kila swali, kalamu inaandika. Nikaanza kuhisi labda anamkonyeza mtoto, au kamtisha kwa macho, maana mimi huko nyuma sioni kitu. Uvumilivu ukanishinda.

"We mtoto, umekatwa ulimi?"

Akageuka, uso umejaa furaha, akaninong'oneza, "Sijamwambia kitu, mama."

Kumbe ni mimi. Tangu aanze kuongea nimemfundisha: mtu usiyemjua mwamkie, basi, lingine usimjibu. Pale sokoni ukigeuka kutoa chenji tu, mtoto humwoni. Na sikuishia kufundisha. Nilikuwa nawatuma wanawake wa maduka ya mbali, asiowajua, wamuulize anakaa wapi, mama yake nani. Akinyamaza, nampa pipi. Hakuwahi kushindwa hata siku moja.

Nikamweleza dada yote, aibu imenijaa. Nilidhani atacheka. Akaweka kalamu chini. "Basi mwambie wewe, mama. Tuanze upya."

Nikamshika binti mabega. "Huyu dada ni mtu mzuri. Mjibu, mwanangu. Nakuruhusu."

Akamtazama dada, akavitazama vifungo, akanitazama mimi, muda mrefu. Kisha akatabasamu na kuninyooshea kiganja.

"Unanijaribu tu, mama. Nipe pipi yangu."